Siku Moja Katika Kreta ya Meru: Kwa Nini Kundi Hufuata Mwendo wa Aliye Nyuma

Na Mwandishi Wetu

Safari za makundi kwenda milimani kwa siku moja si jambo geni tena kwa Watanzania. Ofisi huandaa safari za watumishi wake mwishoni mwa mwaka wa fedha, vyuo hupeleka wanafunzi, vikundi vya mazoezi ya kukimbia hutafuta changamoto mpya, na kwaya na vyama vya kuweka na kukopa navyo havibaki nyuma. Basi hukodishwa, fulana hushonwa kwa rangi moja, na alfajiri safari huanza. Hamasa ya utalii wa ndani, iliyopata nguvu zaidi baada ya kuzinduliwa kwa filamu ya The Royal Tour mwaka 2022, imewafikia wananchi ambao hapo awali waliuona mlima kupitia dirisha la gari tu.

Miongoni mwa maeneo yanayofaa kwa safari ya namna hiyo ni Kreta ya Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha. Ni mahali pazuri, panafikika kwa barabara, na mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kwenda na kurudi kati ya asubuhi na jioni bila kulala mlimani. Pamoja na hayo, Meru ni volkano, na njia zake hupita katika makazi ya nyati. Makala haya yanaeleza mlima huo ulivyopata umbo lake, safari yenyewe ilivyo, na kwa nini sharti moja ambalo askari wa uhifadhi husisitiza langoni, kwamba kundi litembee pamoja na kugeuka kwa saa iliyopangwa, linapaswa kueleweka na kila mshiriki kabla hajafunga kamba za viatu.

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566 juu ya usawa wa bahari na ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro. Mtu anayeutazama kutoka Jiji la Arusha huona mlima mzima, wenye ncha kama ya mkuki. Anayeutazama kutoka mashariki, upande wa Momella, huona kitu tofauti kabisa: mlima uliopasuliwa, ukuta mrefu wa mwamba uliojipinda kama kiatu cha farasi, na ndani yake kilima cheusi cha majivu. Wageni wengi hudhani kwamba shimo hilo lilichimbwa na mlipuko mmoja mkubwa uliorusha kilele angani. Sivyo ilivyokuwa.

Wataalamu wa jiolojia wanaeleza kwamba volkano hujijenga kwa tabaka za lava na majivu, moja juu ya nyingine, na tabaka hizo hazishikamani vizuri. Maji hupenya, joto na mvuke hulainisha miamba kutoka ndani, na mteremko huzidi kuwa mkali kadiri mlima unavyokua. Maelfu ya miaka iliyopita, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni takriban miaka 8,000, ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka. Mawe, matope na majivu yalishuka kama mto na kuenea katika tambarare iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro. Vilima vidogo vilivyotapakaa kuzunguka Momella, ambavyo msafiri huviona kabla hata ya kushuka kwenye gari, ni mabonge ya mlima ule wa zamani. Maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde yaliyobaki kati ya mabonge hayo.

Baada ya maporomoko, volkano haikunyamaza. Katika sakafu ya kreta kilijengeka kilima kipya cha majivu, ambacho kilele chake leo kimefikia mita zaidi ya 3,600 juu ya usawa wa bahari. Mara ya mwisho kwa Meru kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910, na kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo huhesabiwa kuwa volkano iliyolala, tofauti na Ol Doinyo Lengai, iliyoko kaskazini-magharibi karibu na Ziwa Natron, ambayo iko hai na ilirusha majivu mengi mwaka 2007 na 2008. Mwananchi hana sababu ya kuacha safari kwa hofu ya mlipuko. Hatari za Meru katika siku ya kawaida ni za namna nyingine, nazo karibu zote zinatokana na umbo ambalo maporomoko yale yaliliacha.

Safari huanzia Lango la Momella, lililo katika mwinuko wa takriban mita 1,500. Ili kufika hapo, magari huacha barabara kuu ya Arusha–Moshi katika mji wa Usa River, hupita Lango la Ngurdoto, kisha uwanda wa nyasi uitwao Serengeti Ndogo, ambako mara nyingi pundamilia, ngiri na nyati huonekana kando ya barabara. Kutoka Momella njia ziko mbili. Moja ni fupi na yenye mteremko mkali. Nyingine ni ndefu, huzunguka upande wa kusini na kupanda taratibu ndani ya msitu. Zote hukutana katika kambi ya Miriakamba, katika mwinuko wa takriban mita 2,500, ambako wapandaji wanaokwenda kileleni hulala usiku wa kwanza. Kutoka hapo, kwa mwendo wa saa moja hivi, mtu huweza kuingia ndani ya kreta yenyewe na kusimama chini ya ukuta unaopanda zaidi ya mita 1,500 kwenda juu.

Kwa makundi mengi ya siku moja, hasa yale yenye watu wa umri na uwezo tofauti, Miriakamba ni mwisho unaotosha. Kuingia kwenye sakafu ya kreta kunawafaa walioanza mapema na ambao wote wana nguvu zilizobaki. Neno "wote" hapa lina uzito wake, na litafafanuliwa hapa chini.

Njia ndefu ndiyo inayopendwa na wanaotaka kuona. Hupita penye mti maarufu wa jamii ya mikuyu, ambao mizizi yake ilishuka kutoka juu ya miti mingine ikaibana hadi ikafa, na sasa imebaki kama lango ambalo gari linaweza kupita chini yake. Juu zaidi kuna mitarakwa mirefu iliyovikwa ndevu za kijivu zinazoning'inia, na mbega weupe kwa weusi wanaoruka kutoka tawi hadi tawi. Ukungu ukifunguka, Kilimanjaro huonekana upande wa mashariki, ikielea juu ya mawingu. Mwandishi wa makala haya anathubutu kusema kwamba hakuna mahali pa kuutazama Mlima Kilimanjaro panapozidi hapo.

Turudi kwenye umbo la mlima. Kwa kuwa ubavu wa mashariki ulianguka, njia zote za kutoka Momella hupanda juu ya kifusi: majivu, kokoto na mawe ambayo hayajashikana kama mwamba mzima. Wakati wa kiangazi ardhi hiyo huwa vumbi linaloteleza chini ya soli. Wakati wa mvua hugeuka tope. Makorongo yaliyochimbwa na maji ni mengi. Korongo lililo kavu asubuhi linaweza kupitisha maji mengi mchana ikiwa mvua imenyesha juu, hata kama walio chini hawajaona tone. Ukuta wa kreta nao bado unamomonyoka, na mawe huanguka. Ndiyo maana askari hawaruhusu wageni kukaa na kula chakula chini kabisa ya mwamba. Kilima cha majivu kinavutia macho, lakini kukipanda kwa miguu bila kibali na bila mwongozaji ni kujitafutia taabu, kwa sababu majivu hutiririka kila mtu anapokanyaga.

Kisha kuna wanyama. Tofauti na sehemu kubwa ya njia za Kilimanjaro, njia za Meru hupita katika malisho ya nyati, na tembo na chui nao wamo msituni. Kwa sababu hiyo kila kundi linaloingia kwa miguu huongozwa na askari wa uhifadhi mwenye silaha. Wapo wanaodhani kwamba silaha ndiyo ulinzi wao. Kwa kweli ulinzi wa kwanza ni askari kuona mapema na kundi kutii mara moja: kusimama, kunyamaza, kukaa karibu, kurudi nyuma taratibu bila kukimbia. Nyati huwa hatari zaidi anaposhtuliwa kwa ghafla na kwa karibu. Kundi la watu 20 linalotembea pamoja huonekana na kusikika kutoka mbali, na mara nyingi wanyama huondoka wenyewe. Mtu mmoja aliyebaki nyuma kufunga kiatu, au kijana aliyekimbilia mbele ili apate picha kabla ya wenzake, hana faida hiyo.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alipendekeza kanuni ambayo wapanda milima bado wanaitumia: kadiria muda wa saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Tuchukue njia ya kilomita 10 inayopanda mita 1,000. Kilomita zitachukua saa 2, na mwinuko utaongeza saa 1 na dakika 40. Jumla ni saa 3 na dakika 40. Huo ni muda wa mtu mmoja mkakamavu asiyesimama. Kundi husimama. Lina mtu wa kuvua sweta, mtu wa kujisaidia, wa kupiga picha, na mwenye kiatu kipya kinachomchubua kisigino. Ni busara kupanga muda wa saa 5 kwa kupanda na saa 3 kwa kushuka.

Kundi lililoanza kutembea saa 3:00 asubuhi litafika Miriakamba karibu saa 8:00 mchana na kurudi langoni karibu saa 11:00 jioni. Jua la Arusha huzama karibu saa 12:30, na kwa kuwa tuko jirani na Ikweta, giza halisubiri. Nusu saa baadaye ni usiku. Kwa hiyo akiba iliyobaki ni kama saa moja na nusu tu. Sasa fikiria kwamba basi lilichelewa Usa River kwa sababu watu watatu walikuwa wakinunua maji na ndizi, malipo hayakuwa yamekamilika, na kundi likaanza kutembea saa 5:00 asubuhi. Kwa mpango uleule lingefika juu saa 10:00 jioni na kushuka gizani, katika msitu wenye nyati. Hakuna aliyevunja sheria yoyote, hakuna aliyeugua. Saa 2 zilipotea barabarani, na akiba yote ikaenda nazo.

Ndiyo maana saa ya kugeuka hupangwa chini, kabla ya kuanza, wakati vichwa bado havijachoka. Saa 8:00 mchana ni saa nzuri ya kugeuka kwa safari ya Miriakamba. Inapofika, kundi linageuka popote lilipo, hata kama kambi inaonekana kwa macho. Sharti hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu aliyelipa nauli kutoka Dodoma au Mwanza huona amedhulumiwa dakika 20 kabla ya lengo. Kiongozi wa kundi anayetangaza saa hiyo langoni mbele ya wote hujiepusha na ubishi huko juu. Asiyeitangaza atalazimika kuijadili na watu waliochoka, wenye njaa, ambao baadhi yao ni wakubwa wake kazini.

Hesabu ya pili inahusu mwendo. Tuseme walio mbele wanapanda kwa kilomita 3 kwa saa na walio nyuma kwa kilomita 2. Baada ya saa 2 pengo kati yao litakuwa kilomita 2, na wa mwisho atahitaji saa nzima kuwafikia wa kwanza. Askari ni mmoja, na hawezi kuwa mwanzo na mwisho wa kilomita 2 za msitu. Wengi hutatua tatizo hili kwa kuwataka walio mbele wasimame na kusubiri. Ni nusu ya suluhisho. Walio mbele hupumzika, hunywa maji, na mara wa mwisho anapotokea akihema, wao husimama na kuendelea. Hivyo mwenye nguvu hupumzika kila kituo, na aliyechoka hapumziki hata mara moja. Kufika mchana, yule wa mwisho amekwisha, na kundi zima linasema ni mvivu.

Waongozaji wazoefu hufanya kinyume. Aliye dhaifu huwekwa nafasi ya pili, nyuma tu ya askari, na wote hufuata hatua zake. Nyuma kabisa hukaa mtu mwenye nguvu na subira, mwenye filimbi na sanduku la huduma ya kwanza, ambaye hapitwi na yeyote. Kituo kinapofika, muda wa kupumzika huanza kuhesabiwa wa mwisho anapoketi. Vijana wenye mapafu makubwa huudhika mwanzoni kwa mwendo huo wa kinyonga, lakini kundi lililopangwa hivyo mara nyingi hufika mapema kuliko lililoachwa litawanyike, kwa kuwa muda mwingi wa kundi hupotea katika kusubiri na kutafutana, si katika kutembea polepole. Kwenye Kilimanjaro wapagazi wamekuwa wakiwaambia wageni "pole pole" kwa miongo mingi. Maneno hayo yamechapwa kwenye fulana za watalii kiasi kwamba sisi wenyewe tumeyaona ni mapambo.

Mwinuko nao una haki yake. Maradhi ya mwinuko huanza kuwapata baadhi ya watu kuanzia takriban mita 2,500, yaani kiwango cha Miriakamba. Kwa mkazi wa Arusha, jiji lililo katika mita zipatazo 1,400, tofauti si kubwa. Kwa kundi lililotoka Dar es Salaam au Tanga kwa basi la usiku na kuanza kupanda asubuhi, ni kupanda mita 2,500 kutoka usawa wa bahari katika muda wa chini ya siku moja, tena bila usingizi. Kulala usiku mmoja Arusha kabla ya safari si anasa. Dalili ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida, na tiba yake kuu ni kushuka. Mtu mwenye dalili hizo hapaswi kuachwa akae chini ya mti awasubiri wenzake wanaoendelea. Hushuka akiwa na msindikizaji kwa utaratibu atakaouelekeza askari. Ikiwa askari ni mmoja, kundi lote hushuka. Viongozi wa makundi wanapaswa kuwaeleza washiriki jambo hili mapema, ili mgonjwa asifiche hali yake kwa kuona haya ya kuwaharibia wengine siku.

Wenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, pumu, na wajawazito wapate ushauri wa daktari kabla ya kujiandikisha. Wenye selimundu wana sababu ya kuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa upungufu wa oksijeni, baridi na upungufu wa maji mwilini ni mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali ya ugonjwa huo, na Meru inaweza kuyatoa yote matatu kwa siku moja.

Kuhusu maji, Meru ina somo lake la pekee. Vijito vinavyotoka mlimani ni vya baridi na vinaonekana safi, na mpandaji mwenye kiu huvutiwa kujaza chupa. Asifanye hivyo. Wanyama hunywa na kuoga humo, na zaidi ya hayo miamba ya volkano hii ina madini mengi ya floraidi yanayoyeyuka katika maji. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na vyanzo vingi katika miteremko ya Meru, hasa upande wa Momella na Ngare Nanyuki, huzidi kiwango hicho kwa mbali. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, madini hubaki na kuwa mazito zaidi.

Kwa mgeni wa siku moja athari ya floraidi ni ndogo. Kwa mtoto anayekua akinywa maji hayo kila siku, meno huota yakiwa na rangi ya kahawia, na kwa viwango vikubwa kwa miaka mingi hata mifupa huathirika. Inafaa kusemwa hapa, maana bado wapo wanaowacheka wenzao wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara kana kwamba hawapigi mswaki: rangi ile imetoka mlimani. Majivu yaleyale yaliyoifanya ardhi ya Arumeru kuwa na rutuba ya kahawa na migomba ndiyo yaliyotia madini hayo katika maji. Ndiyo sababu kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kiliwekwa Ngurdoto, mwendo mfupi kutoka lango la hifadhi, ambako imefanyiwa kazi njia ya kuchuja maji kwa kutumia chembe za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mpandaji abebe maji yake kutoka chini, lita 3 kwa mtu mzima, na asihesabu chemchemi yoyote njiani.

Mavazi hayahitaji gharama kubwa. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo asubuhi ya joto langoni inaweza kuwa mchana wa baridi kambini, na mara nyingi zaidi baada ya saa 6 mchana ukungu hushuka. Aliyelowa jasho au mvua na kusimama katika upepo hupoteza joto la mwili upesi kuliko anavyodhani. Sweta kavu ndani ya begi la mgongoni, koti la mvua, kofia, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu na tochi yenye betri nzima vinatosha. Tochi ibebwe na kila mtu, hata kama ratiba inaonyesha mtarudi mchana. Viatu vya wazi na raba zenye soli iliyolika havifai juu ya majivu. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, na Januari na Februari. Katika masika, Machi hadi Mei, njia huwa na utelezi na makorongo hujaa.

Chakula kifungwe katika vyombo vinavyorudi nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na marufuku hiyo haikomi penye lango la hifadhi. Moto wa kuotea, sigara na majiko ya kubahatisha haviruhusiwi njiani. Waliouona moto uliounguza miteremko ya Kilimanjaro mwezi Oktoba 2020 wanajua jinsi nyasi na vichaka vya mlimani vinavyowaka, na jinsi ilivyo vigumu kufikisha maji huko.

Kuhusu taratibu, viingilio hulipwa kwa Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA, kwa njia ya kielektroniki kwa kutumia kumbukumbu namba ya malipo, wala si kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu. Raia wa Tanzania na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kwa viwango vya chini sana kuliko vya wageni kutoka nje, hivyo kila mshiriki awe na kitambulisho cha taifa au hati nyingine ya kuthibitisha uraia. Kundi kubwa litoe taarifa siku kadhaa kabla ili askari wa kutosha wapangwe, na malipo yakamilike siku moja kabla ya safari. Kiongozi aandae orodha yenye jina la kila mtu, umri, namba ya simu ya ndugu wa karibu na maradhi yanayojulikana, nakala moja abaki nayo na nyingine aiache langoni. Mtandao wa simu haupatikani kila mahali msituni. Askari hutumia redio ya upepo, na taarifa ya mtu aliyeumia hupitia kwake kwanza.

Inashauriwa kundi lisizidi uwezo wa askari waliopo. Watu 40 katika mstari mmoja hawawezi kuonekana na mtu mmoja kwenye kona za msitu. Wagawanywe katika makundi madogo, kila moja na askari wake, kiongozi wake na mtu wake wa nyuma, na kila moja lihesabu saa yake lenyewe. Ofisi au chuo kinachotaka picha ya wote kwa pamoja kiipige langoni asubuhi, fulana zikiwa bado safi.

Jioni, kabla basi halijawashwa, orodha ile husomwa tena, jina kwa jina, na kila mmoja huitika kwa sauti yake mwenyewe; mwenzake hamwitikii. Kisha kiongozi husaini kitabu cha kutoka, na askari hurudisha taarifa kwa redio kwamba kundi limeshuka lote.